Premio 1.8 (1ZZ): 20W-50 au 5W-30? Asubuhi cheni inagonga

Katonga1800

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa oili.

Gari ni Toyota Premio ya 2004, injini 1ZZ-FE, dashibodi inasoma kilomita 168,000 (za kweli ni ngapi anajua Mungu, limetoka Japani likiwa limeshatumika). Siku za wiki ni Kyengera hadi mjini Kampala na kurudi, jamu ya Busega kama mnavyoijua. Mara mbili kwa mwezi linapanda Kabale.

Kitabu kinasema 5W-30. Fundi aliyenibadilishia mara ya mwisho akatia 20W-50, akasema Uganda ni joto, oili nyepesi inageuka maji. Tangu hapo kila asubuhi nikiwasha nasikia "kra-kra-kra" upande wa cheni, sekunde tatu au nne, halafu inatulia. Kwa upande mwingine, zamani nilikuwa naongeza karibu lita moja kabla ya kufika kilomita 5,000, sasa ni nusu lita. Fundi wa pili, pale Kisekka (soko la vipuri), anataka niweke 0W-20.

Nani yuko sahihi? Na nikirudi kwenye oili nyepesi ghafla, injini ya zamani haitaanza kuvuja?

---

BeringiMpya

Wote wawili wamekosea, ila wa 20W-50 amekosea zaidi.

Watu wengi hupotelea kwenye namba. Namba yenye W inapimwa kwenye baridi ambayo sisi hatuna: 5W hupimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 15W kwenye 20, na 20W kwenye 15. Kabale usiku ukiwa mkali unapata nyuzi 10 JUU ya sifuri. Kwa hiyo anayekuuzia 0W kwa bei ya juu kwa sababu "asubuhi kuna baridi" anakuuzia koti la theluji.

Inayokuhusu ni namba ya pili, yaani mnato wa oili ikiwa nyuzi 100. Kwa sentistoksi (cSt), gredi ya 20 ni 6.9 hadi 9.3, ya 30 inaishia 12.5, ya 40 inaishia 16.3, ya 50 inaishia 21.9.

Sasa hilo la "Uganda ni joto". Joto la nje halifiki kwenye beringi za krankshafti. Thamostati ya 1ZZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kutoka hapo kazi ya rejeta ni kuiweka injini palepale, uwe Gulu saa nane mchana au Kabale alfajiri. Kinachopandisha joto la oili ni mzigo: mlima mrefu na gari limejaa, au mwendo wa kasi kwa saa nzima. Kinachoamua unene ni nafasi ambayo kiwanda kiliacha kati ya chuma na chuma. Kwenye beringi za injini kama hii ni mia chache za milimita, 0.02 hadi 0.05 hivi. Oili iliyochaguliwa kwa nafasi hiyo inajenga utando unaobeba krankshafti isiguse beringi, na wakati huohuo inapita haraka kiasi cha kuondoa joto. Oili nzito kupita kiasi inajenga utando sawa, lakini inapita polepole na joto linabaki.

Hapo injini ni moto. Usagaji mwingi unatokea kabla ya hapo. Chukua asubuhi ya Kampala, nyuzi 20 hivi. 5W-30 ya kawaida, ambayo ikiwa moto ni kama 11 cSt, saa hiyo ni karibu 170. 20W-50, ambayo moto ni kama 18, asubuhi ni karibu 500. Kabale kwenye nyuzi 10 ni karibu 300 dhidi ya karibu 1,000. Ndiyo maana nasema hakuna oili "nyepesi kama maji" asubuhi. Hata hiyo 5W-30 bado ni nzito mara kumi na tano kuliko injini inavyotaka.

Oili nzito namna hiyo ikifika kwenye pampu, presha inaruka juu, valvu ya kupunguza presha inafunguka, sehemu ya oili inarudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) bila kupanda. Ukiwa na geji utaona presha imejaa na utafurahi, kumbe kamshafti bado zinasubiri. Filta nayo ina valvu yake ya pembeni: tofauti ya presha ikifika kama baa moja inafunguka, na oili inapita bila kuchujwa.

Kelele yako ndiyo hiyo. Kikaza-cheni cha 1ZZ kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikichelewa kufika, cheni inalegea na kupiga. VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) pia inaendeshwa na oili hiyohiyo, kupitia valvu yenye kichujio kidogo cha waya.

Lakini usiilaumu 20W-50 peke yake kabla hujaangalia filta. Ndani ya filta kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likilala. Mpira ukiwa mgumu au feki, kila asubuhi njia za oili ni tupu, na hata 5W-30 itagonga.

Ushauri: 5W-30, daraja la ubora (API) liwe SL au jipya zaidi (SM, SN, SP). Usipoipata, 10W-30 inatosha kabisa Uganda. Ukiona inakula zaidi ya lita moja kwa kilomita 2,000, panda hadi 5W-40 au 10W-40, usiruke hadi 50.

---

MzeeKikumi

Vijana, msifanye 20W-50 iwe sumu. Vitabu vya Toyota vya miaka ya 90 kwa masoko ya nchi za joto vina chati ya hali ya hewa, na 15W-40 na 20W-50 zimo. Kikumi (Corolla AE100) nyingi zimetembea nchi hii kwa oili hizo na krankshafti zake ni nzima.

Na mnaisahau jamu. Oili nyepesi, injini ya zamani, gari limesimama Busega dakika arobaini huku feni inazunguka: hapo ndipo taa ya oili inapoanza kupepesa. Huyu ndugu tayari anakula nusu lita akiwa na oili nzito. Mkimshusha hadi 30 atarudi kwenye lita nzima, halafu asipopima kijiti ataendesha injini kavu. Injini nyingi zinanoki kwa oili kupungua kuliko kwa oili kuwa nzito.

Kabla ya kubishana unene, pima presha. Fungua swichi ya taa ya oili, funga geji ya mkono, pasha injini moto kabisa hadi feni iwake mara mbili. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, 1ZZ isishuke chini ya 29 kPa. Ukikanyaga hadi mizunguko 3,000 iende karibu 300 au zaidi. Ikifika hapo na 30, tia 30. Isipofika, una beringi zilizolika au pampu imechoka, na hapo 40 inakununulia muda tu.

---

BeringiMpya

Mzee, shikamoo. Kwenye kijiti nakubaliana nawe asilimia mia, na kwenye geji pia.

Chati ya kitabu ni kweli, ila iliandikwa kwa injini zisizo na VVT-i, zenye mkanda badala ya cheni. Kikumi haina cha kusubiri oili asubuhi zaidi ya beringi na kamshafti.

Kwa kula oili: 1ZZ za mwanzo, 1998 hadi 2002 hivi, zilikuwa na pistoni zenye matundu machache ya kurudishia oili. Ringi ya oili inajaa kaboni, inaganda, injini inavuta. Ya 2004 ina pistoni zilizorekebishwa, kwa hiyo ikila, tafuta kwanza valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) iliyoziba, halafu ringi zilizoganda. Ing'oe PCV, ipulize kwa mdomo upande wa injini: hewa ipite kirahisi. Igeuze, puliza upande wa manifodi: ipite kwa shida. Isipofanya hivyo nunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo. Oili nzito inaficha ringi zilizoganda, na kaboni inaendelea kujaa.

Kwa mlima wa Kabale kuna kipimo kingine ambacho dumu halikionyeshi mbele: mnato kwenye nyuzi 150 oili ikikamuliwa kwa kasi. Kiwango cha chini (kwa mPa·s) kwa gredi ya 30 ni 2.9, kwa 5W-40 ni 3.5, kwa 15W-40 ni 3.7. Kwa 20W-50? 3.7 hiyohiyo. Yaani kiwango hakiidai 20W-50 ikulinde zaidi ya 15W-40 pale ambapo oili inateswa. 0W-20 ni 2.6, na ndiyo sababu simpi mtu wa 1ZZ inayokula oili. Iache kwa injini zilizozaliwa nayo.

---

DadaSpana

Mnabishana namba na hakuna aliyeuliza: thamostati IPO?

Katonga, kesho asubuhi washa gari likiwa baridi, shika hozi ya chini ya rejeta. Inatakiwa ikae baridi dakika kadhaa, halafu ghafla iwe moto. Ikianza kuwa vuguvugu polepole tangu dakika ya kwanza, thamostati haipo au imekwama wazi. Kitu cha pili: ukiwa barabara ya Masaka unateleza bila kukanyaga sana, mshale wa joto unashuka chini ya pale unapokaa siku zote?

---

Katonga1800

Dada, asante. Nimeshika leo: hozi inapata joto kidogokidogo tangu mwanzo. Mshale barabarani unakaa robo, mjini unapanda karibu na nusu. Nimempigia fundi wa kwanza, anasema alikuta thamostati na akaitoa "ili injini ipumue, nchi ya joto haihitaji".

---

DadaSpana

Basi ugonjwa wako ni huo, na 20W-50 imeuongezea.

Bila thamostati maji yanazunguka rejeta muda wote. Barabarani injini inakaa nyuzi 60 na kitu badala ya 80 na kitu. Kwenye nyuzi 65 ile 20W-50 ni karibu 55 cSt, mara tatu ya inavyokuwa kwenye 100. Hata 5W-30 hapo ni 26 hivi. Maana yake injini yako iko "asubuhi" siku nzima.

Kisha kompyuta inaona maji ni baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka kwenye sampu, inaiharibu oili. Maji yanayotokana na mwako hayapati joto la kuyakausha. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake: ukikuta povu la rangi ya maziwa na kipoza-maji hakipungui, ni unyevu huo, siyo gasketi ya kichwa. Ringi, kuta za silinda na kamshafti zinalika hapo, na hakuna gredi ya oili itakayozuia.

Fanya kwa mpangilio huu.

Nunua thamostati ya nyuzi 82 pamoja na mpira wake wa mviringo. Dukani itumbukize kwenye maji ya moto ya birika uone inafunguka. Wakikataa, nenda duka jingine. Unapoifunga, kivalvu kidogo cha hewa kielekee juu, vinginevyo hewa itanaswa. Jaza kipoza-maji, siyo maji ya bomba, washa ukiwa umefungua kifuniko cha rejeta (injini ikiwa baridi, tafadhali), weka hita kwenye moto wa mwisho, subiri mapovu yaishe na feni iwake. Jaza tena.

Halafu oili. Endesha kama dakika kumi na tano ioshe machafu, zima, subiri dakika tano. Nati ya kumwagia inafunguliwa na spana ya 14. Iache idondoke hadi iwe matone, dakika kumi na tano au zaidi kwa sababu 20W-50 inashuka kwa uvivu. Weka washa (kipete) mpya kwenye nati na uikaze kwa 37 Nm. Sampu nyingi hapa zimeharibika nyuzi kwa sababu fundi alikanyagia spana kwa mguu. Filta mpya: paka oili kwenye mpira wake, ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Ikikaa miwili, itamwaga oili yote ukiwasha.

Inaingia lita 3.7 pamoja na filta. Tia 3.5 kwanza, washa nusu dakika, zima, subiri dakika tano, pima, ongezea. Usipite alama ya juu. Ikizidi krankshafti inaipiga, inatoa povu, na povu halibebi beringi.

Kuvuja: oili nyepesi haitoboi sili. Inachofanya ni kuonyesha sili iliyokwisha kukauka. Jasho kidogo upande wa nyuma wa kifuniko cha valvu ni la kawaida kwa umri huo, gasketi inabadilishwa na yanaisha.

Badilisha tena baada ya kilomita 3,000, maana itatoka na uchafu na mabaki ya ile nzito. Baadaye kila 5,000. Jamu ya Kyengera ni kazi ngumu, usifuate 10,000 ya kwenye dumu. Na pima kijiti kila Jumamosi kabla ya kuwasha, gari likiwa tambarare. Kati ya alama mbili ni kama lita moja.

---

DizeliLira

Naongezea kwa wanaosoma wakiwa na magari mengine, msije mkabeba ushauri wa Premio mkaupeleka kwenye takisi.

Hiace za dizeli za zamani (2L, 3L, 5L, 1KZ): 15W-40, na angalia daraja la API la dizeli, lenye herufi C, liwe CH-4, CI-4 au juu. Dizeli inatia masizi kwenye oili, na masizi yenyewe yanaifanya iwe nzito. Ukianza na 50 utamaliza na lami. Yenye kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi inataka CJ-4 au CK-4.

Boxer na pikipiki za aina hiyo: hapo 20W-50 ni sahihi, ndiyo ya kitabu. Injini inapozwa na upepo, na oili hiyohiyo inalainisha gia na klachi, na meno ya gia yanaikatakata. Lazima iandikwe JASO MA au MA2 (alama ya oili ya pikipiki). Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano itafanya klachi iteleze mlimani ukiwa na abiria wawili.

---

Katonga1800

Nimeelewa. Swali la mwisho: duka moja lina dumu la "SAE 40" bei rahisi sana, API SF. Na nitajuaje oili siyo ile iliyotumika ikasafishwa ikarudishwa kwenye dumu?

---

MzeeKikumi

Hiyo hata mimi siitetei. SF ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma. Lako linataka SL kwa uchache. Na SAE 40 isiyo na W ni gredi moja tu, asubuhi ni nzito hata kuliko 15W-40.

---

DadaSpana

Kwa macho huwezi kujua mnato, asikudanganye mtu na tone kwenye tishu. Unachoweza ni kukagua dumu: pete ya kifuniko haijakatika, karatasi ya fedha chini ya kifuniko imeshika mzunguko mzima bila gundi ya ziada, namba ya toleo kwenye dumu ni ileile ya kwenye boksi. Chapa hiyo ikiwa nyepesi kufutika kwa kidole chenye spiriti, rudisha. Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala, simama mwenyewe wakati dumu linafunguliwa.

Na ukimaliza, toboa dumu tupu kwa msumari upande wa chini. Dumu zima lenye lebo safi lina mnunuzi wake.

---

Katonga1800

Thamostati imefungwa, 5W-30 SN imeingia, lita 3.7 kamili. Mshale sasa unakaa chini kidogo ya nusu na hausogei. Asubuhi kelele imebaki sekunde moja hivi.

---

BeringiMpya

Sekunde moja hiyo nayo isikupite. Filta uliyofunga ni ya aina gani? Kama ni ile isiyo na jina kwenye nailoni, weka halisi, 90915-YZZE1, kisha usikilize tena baada ya gari kulala usiku mzima. Ikibaki, kagua kikaza-cheni chenyewe.